Kimemo, Kipande na MBA: Historia Fupi ya Kusemewa

Januari 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alishuka Zanzibar. Alikuwa ametoka Uhabeshi, alikokuwa amefungiwa milango, na pwani hii hakuwa na ndugu wala jamaa. Kapteni Hamerton, balozi wa Uingereza, akamfikisha kwa Sayyid Said, na alipoondoka mbele ya Sultani alikuwa na barua. Haikuwa ndefu. Iliwaambia magavana wa pwani kwamba huyu Mjerumani ni mtu mwema, anakwenda kwa kazi ya Mungu wake, basi wamtendee wema.

Krapf akaenda Mombasa na barua hiyo, akapokelewa, akakaa. Julai mwaka huohuo alimzika mkewe hapo. Akaendelea kujifunza lugha, na mwaka 1850 ikachapishwa sarufi yake, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya Kiswahili. Kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sisi tunaopenda vitabu huwa tunaanza hadithi hiyo kwenye sarufi na kamusi. Mimi naomba leo tuanzie kwenye ile barua. Bila mtu kumsemea, yule bwana angebaki bandarini anatazama majahazi.

Nimekuwa nikiifikiria sana barua hiyo tangu wenzangu wa rika langu waanze, mmoja baada ya mwingine, kuomba nafasi kwenye shule za biashara za nje. Sisi waandishi wa habari tukifika miaka thelathini na kitu tunaona mambo mawili: mshahara hautoshi, na magazeti yenyewe yanakufa mikononi mwa watu wasiojua hesabu. Basi wengine wanaamua kwenda kusoma MBA. Wanafanya mtihani, wanaandika insha, wanatafuta pesa ya fomu. Halafu wanafika mahali ambapo akili yao haiwasaidii tena: barua mbili za mapendekezo, walau moja kutoka kwa bosi wa moja kwa moja. Hapo ndipo mtu mzima, mwenye shahada na watoto wawili, anageuka tena kuwa Krapf bandarini.

Kuomba kusemewa si jambo la jana. Cicero, yule msemaji maarufu wa Roma, ameacha mamia ya barua, na katika mkusanyiko wa barua zake kwa rafiki na jamaa, kitabu cha 13 karibu chote ni barua za kuwaombea watu. Ni barua kama 80. Huyu anadai deni mahali fulani, msaidie. Huyu ana shamba katika jimbo lako, mwangalie. Huyu ni mtumwa aliyeachwa huru na rafiki yangu, mtu mwaminifu. Ukizisoma kwa mfululizo unachoka, maana kila mtu ni mwema na kila mtu ni kipenzi cha Cicero.

Cicero mwenyewe alilijua tatizo hilo. Kwenye barua moja kwa Valerius Orca, aliyekuwa gavana wa jimbo la Afrika, yaani upande wa Tunisia ya leo, anamkumbusha makubaliano yao. Watu wa rafiki yake Cuspius walikuwa wengi kule, na Cicero alikuwa akiwaandikia mara kwa mara. Basi wawili hao walipatana kwamba barua ya mtu anayemjali kweli itakuwa na alama maalumu. Gavana akiiona alama ajue hii si ile ya kawaida.

Hebu tuitazame vizuri alama ile. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita sifa zilikuwa zimeshashuka thamani kama noti zilizochapishwa kupita kiasi. Kila mtu akiitwa bora, neno "bora" halinunui kitu. Kwa hiyo ilibidi itafutwe njia nyingine ya kusema "huyu kweli", na njia yenyewe haikuwa kuongeza sifa. Ilikuwa mwandishi kuweka heshima yake rehani. Cicero hakuweza kuitia alama kila barua, kwa sababu siku ambayo angefanya hivyo alama ingekufa. Nguvu ya barua ilitokana na kile ambacho mwandishi angepoteza kama amedanganya.

Ofisa wa udahili wa leo yuko kwenye kiti cha Orca. Mbele yake kuna maelfu ya barua zinazosema mwombaji ni hodari, mwaminifu na kiongozi wa kuzaliwa. Naye anatafuta alama.

Lakini barua ina upande wa pili, na sisi wa Afrika Mashariki tunaujua vizuri kuliko Cicero. Katika Biblia, Daudi anamwandikia Yoabu barua na kumpa Uria aibebe. Uria anaibeba kifo chake mwenyewe bila kujua. Homer naye anayo hadithi ya namna hiyo kuhusu Bellerophon. Watu wa kale walielewa kwamba kubeba karatasi inayokuhusu, iliyoandikwa na mkubwa, nawe huruhusiwi kuisoma, ni jambo la hatari.

Kenya ya kikoloni ililifanya jambo hilo kuwa sheria. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake, ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mwajiri aliandika siku ya kumwajiri mtu, mshahara wake, na siku ya kumwachia. Sahihi ile ya kumwachia ndiyo iliyokuwa roho ya mtu. Bila sahihi ya bwana wa zamani, bwana mpya hakuruhusiwa kukuajiri, na ukiondoka bila kusainiwa ulikuwa umevunja sheria. Harry Thuku na wenzake waliipigia kelele mapema miaka ya 1920, na kelele hizo hazikuisha mpaka mfumo huo ulipoondolewa baada ya Vita vya Pili.

Kipande kilikuwa barua ya mapendekezo iliyogeuzwa kuwa mnyororo. Viungo ni vilevile: mkubwa mmoja, sahihi moja, na mtu ambaye kesho yake imefungwa kwenye kalamu ya mwingine. Kilichobadilika ni kwamba Krapf aliiomba barua yake, na mfanyakazi wa shamba hakuomba kipande. Nasema hivi kwa sababu ninapomwona mtu anamnyenyekea bosi wake miezi mitatu ili asainiwe fomu ya chuo, sicheki. Babu zetu walipitia njia hiyo, na ile hofu ya kalamu ya mkubwa haikuzikwa na kipande.

Hata baada ya uhuru hatukuiacha karatasi. Tanzania ikaleta mabalozi wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, na mpaka leo ukitaka kufungua akaunti, kumdhamini mtu polisi, au kuomba kitambulisho, unatumwa serikali ya mtaa ukaandikiwe barua ya utambulisho, yenye picha yako na muhuri juu ya picha. Halafu kando yake ikazaliwa ndugu yake wa mlango wa nyuma: kimemo. Si unajua kimemo? Kikaratasi kidogo, maneno mawili matatu, sahihi ya mkubwa. "Msaidie huyu kijana." Watu wamepata shule kwa vimemo, na kazi, na viwanja. Kimemo hakisemi chochote kuhusu wewe. Kinasema tu nani anakujua. Ni ile alama ya Cicero iliyobaki peke yake baada ya barua yenyewe kuchanika.

Hapo unaelewa kwa nini waombaji wengi wa kwetu, wakisikia "barua ya mapendekezo", wanakimbilia kwa mbunge, katibu mkuu, au mkurugenzi waliyepiga naye picha mara moja kwenye semina. Tumelelewa kwenye nchi ya vimemo. Tunadhani jina kubwa ndilo linalofungua mlango.

Shule za biashara za Marekani nazo zina historia yao, na si safi kama tovuti zao zinavyoonekana. Shule ya biashara ya Harvard ilianzishwa 1908, wakati vyuo vikubwa vya nchi ile vilikuwa vikipokea vijana wa shahada ya kwanza kwa mitihani zaidi. Ukifaulu, umeingia. Tatizo, kwa macho ya wakubwa wa vyuo hivyo, ni kwamba watoto wa Wayahudi wahamiaji walikuwa wakifaulu mno. Kufikia 1922 walikuwa zaidi ya asilimia 20 ya wanafunzi wapya wa Harvard. Rais wa chuo, Lowell, alitaka kuweka kikomo cha wazi. Alipopingwa, ikapatikana njia ya kimyakimya: kupima "tabia". Fomu zikaanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla hajaolewa, na kama familia imewahi kubadili jina. Walimu wakatakiwa kueleza mwombaji ni mtu wa aina gani. Mtihani haukuweza kuona pua ya mtu wala kusikia lafudhi yake. Barua iliweza.

Mwanasosholojia Jerome Karabel ameieleza habari hii kwa kina katika kitabu chake cha 2005, The Chosen. Maana yake kwetu ni hii: barua ya tabia iliingia kwenye udahili wa vyuo vile, pamoja na mambo mengine, kama chujio la kuwazuia watu fulani. Baadaye ikabadilika, ikawa pia njia ya kumwona mtu ambaye alama zake hazimsemi vizuri. Kisu kilekile, mikono tofauti. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake chuoni, na marekebisho ya mwaka huohuo yakamruhusu kuiacha haki hiyo kwa barua za mapendekezo. Kwa hiyo leo fomu inakuuliza: unaiacha haki ya kuisoma? Wengi wanajibu ndiyo, kwa sababu barua iliyosomwa na anayesifiwa haiaminiki. Uria bado anabeba bahasha, ila sasa anasaini mwenyewe kwamba hataifungua.

Na sisi tuliingia vipi kwenye mlango huo? Kwa kusemewa. Mwaka 1949 Julius Nyerere, mwalimu wa St. Mary's Tabora, alikwenda Edinburgh. Nyuma yake alikuwepo Padri Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, aliyemfahamu kwa kazi ya kila siku na akamsukuma na kumsaidia apate nafasi ile. Miaka 10 baadaye Tom Mboya, na wenzake kama Gikonyo Kiano, waligundua kwamba milango ya Uingereza ni myembamba na serikali ya kikoloni haina haraka ya kuipanua. Wakaanza kuandikia Marekani. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja, na kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960, akaenda chuo cha Kikatoliki huko Atchison, Kansas. Barack Obama, baba wa rais, hakupanda ndege ile ya 1959. Yeye alifika Hawaii kwa msaada wa Elizabeth Mooney, Mmarekani wa mradi wa elimu ya watu wazima aliyekuwa amemwajiri kama karani Nairobi.

Tazama akina nani waliosema. Walsh alimwona Nyerere akifundisha. Mooney alimwona Obama akifanya kazi mezani. Hawakuwa magavana, na nadhani ndiyo sababu walikuwa na la kusema. Gavana angeweza kuandika sifa tu.

Sasa turudi kwenye fomu ya leo. Shule nyingi za biashara sasa hutumia maswali yanayofanana, ambayo yalitengenezwa kwa pamoja ili bosi asichoke kujibu fomu kumi. Swali moja linauliza: utendaji wa mtu huyu unalinganaje na wa wengine wenye nafasi kama yake? Toa mifano. Jingine linauliza: ni ushauri gani mzito zaidi wa kumrekebisha uliowahi kumpa, na aliupokeaje? Hakuna anayeuliza kama ni kijana mzuri.

Maswali haya yanatukuta pabaya. Kwanza, utamaduni wetu una mashaka na sifa. Kizuri chajiuza, tunasema, kibaya chajitembeza. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bosi wa kwetu, hata anayekupenda, anaona kumsifu mtu kupita kiasi ni kumharibu. Basi anaandika kwa kipimo: ni mtiifu, mchapakazi, anashirikiana vizuri na wenzake. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Ofisa wa udahili Boston au Paris anasoma na kuona mtu wa kawaida.

Mwaka 2003 watafiti wawili, Frances Trix na Carolyn Psenka, walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwaombea kazi walimu wa shule kubwa ya udaktari Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, zilitia shaka mara nyingi zaidi, na zilipenda kusifu bidii, wakati za wanaume zilielekea kwenye utafiti na uwezo wao. Neno "mchapakazi" halikuwa tusi. Lilikuwa namna ya heshima ya kumweka mtu chini. Nilipousoma utafiti huo niliwaza barua zote nilizowahi kuona hapa kwetu zikianza na "mtiifu".

Pili, mabosi wetu hawana muda, au wanasema hawana. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari, ambaye jina lake naliacha, alitaka kwenda kusoma biashara ya vyombo vya habari. Alimfuata mkubwa wake. Jibu likawa lile ambalo naamini nusu ya wasomaji wangu wamelisikia: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Kwa bosi huo ulikuwa wema. Lakini shule nyingi zinakataza wazi mwombaji kujiandikia, na hata pasingekuwa na katazo, fikiria unachoombwa. Unaombwa ujilinganishe na wenzako, ujitafutie kasoro, uigize sauti ya mtu anayekujua, wakati mtu huyo amekuonyesha hivi punde kwamba hana la kusema. Ni kimemo kirefu: sahihi yake, maneno yako.

Alikataa. Kwanza alikaa kimya wiki mbili. Halafu akamkumbuka dada mmoja, mhariri msaidizi wa zamani, aliyekuwa ameshaacha kazi na kuhamia mkoani. Dada huyo alikuwa amesahihisha habari zake kwa miaka minne. Cheo chake hakikuwa kikubwa. Walipoongea kwa simu, dada akamwambia: "Nitaandika kuhusu ile habari ya bajeti ya halmashauri uliyoirudia mara tano, ukanichukia, halafu ya tano ikawa ndiyo yenyewe." Basi. Barua akaituma mwenyewe moja kwa moja, na mwenzangu hajaisoma mpaka leo. Nafasi aliipata. Kama ni kwa barua au kwa mtihani, hakuna atakayejua, na mimi sitauza hadithi hii kama dawa.

Ila naweza kusema barua ile ilikuwa na kile ambacho Orca alikuwa akikitafuta. Habari ya bajeti iliyorudiwa mara tano haiwezi kunakiliwa kwenye barua ya mtu mwingine. Ina ushahidi wa muda: dada yule alikuwepo. Ina kasoro ndani yake: alichukia. Na ina mabadiliko: ya tano. Sifa tupu inaweza kuandikwa na yeyote kuhusu yeyote. Tukio dogo la kweli linamgharimu mwandishi kumbukumbu na heshima yake, na gharama hiyo ndiyo alama.

Kwa hiyo kama wewe ndiye unayeomba, tafuta aliyekuona ukifanya kazi, hata kama kadi yake haina nembo ya dhahabu. Mfuate miezi miwili kabla, si siku nne. Mpelekee ukurasa mmoja wa kumkumbusha: tuliifanya kazi hii mwaka fulani, ikaharibika hapa, tukairekebisha hivi. Hapo hujajiandikia barua, umemfungulia kabati la kumbukumbu, na kuandika kunabaki kwake. Na ukiona anasita, mshukuru uondoke. Barua ya mtu anayesita ni ile ya Uria.

Lakini mimi nina neno zaidi na upande wa pili wa meza, kwa sababu rika letu sasa linaanza kupewa vyeo. Wiki hii au mwakani kijana atakuja kwenye dawati lako, atazungukazunguka, ataanza na habari za mvua, halafu ataomba. Saa mbili zako ndizo zitakazoamua kama atapata Walsh wake au atapata mwajiri wa kipande. Kusaini bila kuandika ni kumnyima kitu ambacho pesa haimnunulii: mtu mzima mmoja anayesema kwa jina lake, nilimwona.

Sayyid Said hakuwa amekaa na Krapf mwaka mzima. Aliandika mistari michache kwa neno la Hamerton na kwa kumtazama mgeni usoni, akaweka jina lake chini. Akafa 1856, bila kuijua kamusi iliyotokana na sahihi yake. Anayemsemea mtu mara nyingi haoni mwisho wa barua yake. Anaandika, anafunga, na mwenye safari anaondoka.